Uso Wangu Umepanda Basi

Wembe haukupiga kelele.
Ulipita chini ya mkoba kama ulimi wa paka kwenye maziwa,
na mimi, Zamzam binti Farajallah, msusi wa tabaga, Bombo,
nimesimama Arua Park nabishana na mpiga debe
nauli ya Elegu, anipunguzie elfu tano.
Akapunguza.
Nikashangilia.

Hela zimo, nimezifunga pindo la leso.
Kilichotoka ni kile kitabu chenye picha yangu,
ile niliyokatazwa kucheka.

Muuza roleksi akauona mkoba, utumbo nje.
Akageuza chapati kwanza, ndipo akaniambia:
“Usilie hapa, hapa machozi yana wanunuzi.
Nenda polisi sasa hivi. Pasipoti iliyoibwa ina miguu,
na kesho itakuwa na mume.”

Konstebo Adongo alifungua daftari pana kama mkeka.
Kalamu yake imefungwa kwa kamba kwenye meza;
hata huku, nikasema moyoni, wanaijua dunia.
Rangi?
Buluu iliyoiva, kama zambarau.
Mihuri?
Minne. Kutoka, kuingia, kutoka, kuingia,
kila safari tabaga ishirini kichwani hadi Juba.
Alama ya pekee?
Doa la samli, ukurasa wa tatu.
Akaandika *samli*. Akaandika polepole, bila kucheka,
nami nikampenda kwa hilo.
“Chukua barua hii,” akasema, “ukale kiapo kwa wakili,
uende Kyambogo wakaifute namba.
Na mtu akikupigia simu, usimtumie hata shilingi.”

Alijuaje?

Maana namba yangu niliiandika mwenyewe ukurasa wa mwisho,
kwa mwandiko wa shule, mahali palipouliza:
ajali ikitokea, apigiwe nani?
Ajali ikatokea. Ikapiga.
Saa tatu usiku, sauti changa, ya adabu, karibu ya mwanangu:
“Mama, shikamoo. Nimekiokota. Tuma laki mbili.”
Nikamuuliza, doa liko ukurasa gani?
Nikasikia karatasi zikifunguliwa.
Nikazisikia, wallahi, kama mtu anayenivua viatu.
“Wa tatu,” akasema. Kisha, “Hii ni samli?”
Ni samli.
“Inanukia bado.”
Tukanyamaza wote wawili, muda wa simu unakatika, wa kwake.
Nikamwambia, mwanangu, kiapo nimeshakula,
asubuhi namba inafutwa,
ulichoshika ni daftari lenye sura ya mtu.
Akakata. Hakuaga.

Kyambogo, foleni ilianza kabla ya jogoo.
Afisa alitazama jina, akatazama mimi, akarudi kwenye jina.
“Mnubi. Babu yako alizaliwa wapi?”
Swali hilo nililijibu mara ya kwanza, nikidhani limekwisha.
Kumbe mwizi alikuwa ameniibia na jibu.
Nikasema, alikozaliwa sikujui, bwana, hata yeye alikuwa mtoto;
alikolala nakujua: Bombo, nyuma ya msikiti,
na majani juu yake nayapalilia mimi kila Shaabani.
Afisa akakuna sikio.
“Una nakala?”

Nakala ilikuwa kwa dada yangu Mastura,
ndani ya kopo la sukari, imekunjwa mara nne.
Mashine ya mjini ilikuwa imenichoma:
uso mweusi tii, macho hayaonekani,
sisimizi wawili wamekufa shingoni.
Lakini namba inasomeka.
Ewe usomaye, fanya nakala. Weka mbali na safari.
Hata kwenye sukari.

Mkoba nimeushona kwa ukindu, mshono wa tabaga.
Nimepigwa picha mpya; kijana wa kamera akasema, “Usicheke, mama,”
nami nilikuwa sicheki.
Nilikuwa namfikiria yule mwingine, wa zamani,
mfukoni mwa mtu, gizani, ananukia samli,
labda kwenye kiti cha dirishani,
na mbele yao askari anapita akisema: vitabu juu, vitabu juu.